Kibuyu cha Kwanza

Kulipopambazuka Jumamosi ile, Damari alikuwa ameshafagia uwanja mara mbili, na alipoinama kuanza mara ya tatu mama yake akamnyang'anya ufagio.

"Utafagia mpaka tufike kwenye mwamba, mwanangu. Watu wanakuja kupiga alizeti, hawaji kulala hapa chini."

Damari akacheka, akakimbia kuangalia njia ya kutoka Kinyangiri kama kuna anayekuja. Hakukuwa na mtu. Akakimbia kuwafukuza kuku. Akarudi njiani. Msichana mzima wa darasa la saba, na alikuwa anarukaruka pale kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, wala hakuona haya. Nani angemlaumu? Leo nyumba yao ilikuwa na mwaliko.

Asiyejua mwaliko ni nini asidhani ni harusi. Ni kazi. Mwenye shamba anawaita majirani, wanakuja na fimbo zao, wanasimama kuzunguka rundo la vichwa vya alizeti vilivyokauka, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na fimbo zinashuka pamoja mpaka mbegu zote zimedondoka kwenye turubai. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anawapa kinywaji, na kinywaji cha mwaliko, tangu enzi za babu zao, ni pombe ya mtama. Mwaliko bila pombe watu walikuwa hawajausikia, na waliposikia wa Severina walicheka mpaka wakashika mbavu.

Severina ndiye mama yake Damari. Tena cheko lao lilikuwa na sababu, kwa sababu katika kitongoji kile hakukuwa na mwanamke aliyejua kupika pombe kama Severina. Watu walitoka vijiji vya mbali kwa ajili ya mtungi wake. Kasoro ilikuwa moja tu: mpishi naye alikuwa mteja, na mteja wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alianza kwa kuonja, akaishia kwa kulala njiani na kiatu kimoja. Baba yake Damari alikwenda Mitundu kutafuta biashara, akabaki hukohuko, akawa baba wa kwenye simu. Damari akabaki na mama.

Na kulikuwa na wimbo. Severina alikuwa na sauti, acheni mchezo, sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Lakini aliimba akiwa amelewa tu, na aliimba wimbo mmoja, ule wa zamani wa kupigia nafaka, unaomwuliza kanga amekula shamba la nani. "Kanga, umekula la nani?" Akifika hapo maneno yalimpotea, akaanza upya. Kanga, umekula la nani? Kanga, umekula la nani? Damari akisikia hivyo kutoka njiani, awe anachota maji, awe anafanya hesabu za shule, aliacha kila kitu akakimbia, ili amfikie mama kabla watoto wa wenzao hawajamfikia. Wimbo ule aliuchukia. Hata mwisho wake hakuujua, maana mama hakuwahi kuufikisha.

Aliyewaokoa, kama kuna mtu wa kusifiwa, ni Mama Stumai. Huyu alikuwa jirani yao, mjane, mwanamke mnene mwenye mtandio usiokaa kichwani na mdomo usiokaa kimya. Marehemu mumewe aliuawa na pombe ya gongo, na alipomaliza eda alianzisha kikundi chake katika darasa la chekechea. Kila Jumapili alasiri walevi wanaotaka kuacha walikaa upande mmoja kwenye vile viti vidogo, magoti yamefika kidevuni, na watoto wao wakakaa upande wa pili. Mkristo, Mwislamu, wote walikaribishwa, na wote walipewa uji. Watu wazima aliwafokea. Watoto hakuwafokea kamwe. Aliwaambia, "Pombe ya mzazi wako si wewe uliyeileta, wala si wewe utakayeimaliza. Usiifiche, usiisafishie uchafu wake. Wewe kazi yako moja: ukiona, sema."

Severina alikwenda mara ya kwanza akiwa ameburutwa. Mara ya pili alikwenda mwenyewe. Mvua za kwanza ziliponyesha alikuwa ameacha, akagawa mapipa ya kupikia, akalima alizeti, akapalilia mpaka mstari wa mwisho, jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulifanya. Tangu hapo hakuimba tena hata neno moja. Kanisani wenzake waliimba, yeye akashika kitabu cha nyimbo mdomo umefungwa, kama anayeogopa kitakachotoka.

Sasa alizeti ilikuwa imekauka, rundo limesimama uwanjani kimo cha mtu, na mikono ilikuwa miwili tu na nusu. Severina akaamua: ataita mwaliko, na atawapa watu togwa. Togwa tamu, ya uwele na kimea, isiyolevya hata mtoto. Mama Stumai akasema, "Waite. Wakija kumi nitachinja jogoo wangu."

Ijumaa togwa ilipikwa. Ikapoa. Severina akamwambia Damari akaazime ndoo kwa Mama Stumai, aimimine humo, aifunike; yeye akaondoka kupita nyumba kwa nyumba kualika. Damari akashika njia ya kwenda kuazima ndoo, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Wazo zuri, hata mimi ningelipenda. Mwaliko wenye ndoo za plastiki ni mwaliko gani? Watu wakifika wanatafuta mtungi kwa macho kabla hata hawajasalimia. Na katika stoo, umefudikizwa pembeni, kulikuwa na mtungi mkubwa wa marehemu bibi, mweusi, mpana wa tumbo, ambao mama alishindwa kuugawa kwa sababu ulikuwa wa bibi. Damari akarudi, akaugeuza. Akausugua kwa jivu, akausugua kwa mchanga, akausuuza kwa maji ya baridi mpaka mikono ikauma. Ukang'aa. Akamimina togwa yote humo, akafunika kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja autazame, moyo umejaa furaha.

Jumamosi asubuhi Severina alipoingia stoo alisimama. Akauwekea mtungi kiganja, pale tumboni, akakiacha hapo.

"Umeuosha?"

"Kwa jivu na mchanga, mama! Mpaka ukalia!"

"Haya," mama akasema. "Haya."

Wakautoa nje, wakauweka kivulini ukutani. Ingekuwa siku nyingine Damari angemtazama mama usoni, maana alikuwa amezoea kuusoma uso ule kama wengine wanavyosoma mawingu. Lakini leo masikio yake yalikuwa njiani, na njiani kulikuwa na sauti. Watu! Watu walikuwa wanakuja!

Wakaja. Mama Cecilia na binti zake, fimbo begani. Kijana Calist na wenzake, wakicheka. Wazee wawili waliosema wamekuja kuona tu, lakini walikuwa na fimbo. Damari aliwapokea wote, shikamoo kulia, shikamoo kushoto, mpaka ulimi ukakauka. Mama Stumai akafika na jogoo wake kwapani, akahesabu vichwa, akaguna, akamwambia jogoo, "Basi ndugu yangu, kwaheri." Na wa mwisho, taratibu kama mgeni rasmi, akaja Mzee Bonaventura.

Huyu ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Bila yeye fimbo hazishuki pamoja, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukukumbusha. Alikuwa amekiambia kitongoji kizima kwamba hawezi kumwimbia mtu kwa togwa, koo lake si la mtoto anayeachishwa ziwa. Sasa alikuwa amesimama uwanjani, na jicho lake, Damari aliliona, likakimbilia ukutani kivulini, likaukuta mtungi, likatulia.

"Ah," akasema mzee. "Kumbe ni mwaliko kweli."

Damari nusura apasuke kwa fahari.

Kazi ikaanza. Lo, kazi ikaanza! Mzee Bonaventura akatoa sauti, watu wakaipokea, fimbo zikapanda, zikashuka, pa! vumbi likaruka, mbegu zikaruka, kuku wakakimbia wakarudi wakakimbia tena. Damari alipiga katikati ya binti za Mama Cecilia, jasho linaingia machoni, na alikuwa anaitikia kwa kelele kuliko wote. Mama alikuwa upande wa pili anapiga, kitambaa kichwani, midomo imefungwa. Rundo likashuka mpaka kiunoni. Jua lilipokuwa kali Mzee Bonaventura akainua fimbo yake juu, maana yake koo zimekauka.

Watu wakasogea kivulini. Hapa kuna desturi, na kila mtu aliyekuwepo aliijua: mpishi ndiye anayekunywa kwanza. Anachota kibuyu cha kwanza mbele ya watu wote, anakinywa, anasubiri kidogo, ili wageni waone hakuna kitu kibaya ndani. Asipokunywa yeye, hanywi mtu. Ni tusi kubwa kupita yote.

"Damari, funua," mama akasema.

Damari akapiga magoti, akavuta kitambaa. Povu lilikuwa limepanda mpaka shingoni mwa mtungi, jeupe, linafanya chiii, chiii, taratibu. Harufu ikamjia usoni.

Harufu ile hakuhitaji kuambiwa. Alilala nayo, aliamka nayo, aliifua kwenye kanga za mama miaka yote. Jivu na mchanga havikufaa kitu. Udongo wa mtungi ule ulikuwa umekunywa pombe tangu ujana wa bibi, na ungali na kiu. Usiku mmoja tu, na togwa ilikuwa imeshageuka.

Na safari hii ni yeye aliyeileta. Mama Stumai alisema si wewe uliyeileta, lakini angalia, ni yeye: mikono yake, jivu lake, wazo lake zuri. Akamtafuta Mama Stumai kwa macho. Alikuwa mbali jikoni, ananyonyoa jogoo. Akiwaambia watu hakuna kinywaji, watachukua fimbo zao waondoke, na nusu ya rundo itabaki pale mpaka mchwa waimalize, na kitongoji kitacheka mpaka mwakani. Asiposema, mama atakunywa kibuyu kimoja. Kimoja tu. Damari alijua kimoja cha mama kinaishia wapi. Kinaishia njiani, na kiatu kimoja.

Nyuma yake Mzee Bonaventura alivuta pumzi kwa pua, ndefu, akafumba macho kwa raha. "Severina! Kumbe ulikuwa unatutania na togwa yako!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Severina hakucheka. Alikuwa ameshachukua kibuyu. Akakizamisha, akakitoa kimejaa, povu linamtiririka vidoleni. Akakiinua mpaka kidevuni, na macho yake hayakuwa kwa wageni. Yalikuwa kwa Damari.

"Mama, ni pombe!"

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Damari akasimama, machozi yanakuja na hawezi kuyazuia. "Imegeuka, mama. Ni mimi, nimeiweka kwenye mtungi wa bibi. Usiinywe. Usinywe, mama, tafadhali!"

"We mtoto!" Mzee Bonaventura akang'aka. "Wakubwa wanapokea kinywaji unawapigia kelele? Kama ni pombe ni pombe! Yeye asiyetaka asinywe, aonje tu kidogo kwa desturi, tutamaliza wenyewe."

Wengine wakaitikia, ndiyo, aonje tu. Mama Stumai akatokea jikoni manyoya yamemjaa mikononi, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga bila kusema neno. Alimtazama Severina, akasubiri.

Severina aliteremsha kibuyu. Aliongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

"Mtoto hakuileta. Mtoto aliosha mtungi, basi. Mimi ni mpishi. Hakuna hapa anayeijua pombe kama ninavyoijua mimi. Nilipouona mtungi ule asubuhi nilijua. Niliuwekea mkono, nikausikia una joto, unachemka ndani kwa ndani, nikajua." Akakitazama kibuyu. "Nikanyamaza. Nikasema moyoni, si mimi niliyeiweka humo. Nikasema, ni desturi, nitakunywa kimoja. Nimepiga alizeti asubuhi yote nikikisubiri kile kimoja. Mimi ni mlevi, jamani. Nimeacha, lakini ni mlevi."

Akamwaga kibuyu chini. Kisha akaushika mtungi shingoni, akaulaza kwa mikono miwili, taratibu asiuvunje, kwa sababu ulikuwa wa bibi. Pombe ikamwagika ukutani, ikakata njia uwanjani, ikapita katikati ya miguu ya wageni, na watu wakarukaruka kuikwepa. Ilikuwa nyingi. Ilichukua muda kuisha.

"Kuna maji," Severina akasema. "Na kuna kuku wa Mama Stumai. Sina kingine."

Mzee Bonaventura alitazama mfereji ule ukikauka kwa uchungu wa mtu anayetazama ng'ombe wake wakienda mnadani. Akaweka fimbo yake begani, akaondoka bila kuaga. Calist na wenzake wakatazamana, wakakuna vichwa, wakamfuata. Hatua zao zikasikika zikishuka njiani.

Waliobaki walikunywa maji. Damari alimshika mama mkono na hakutaka kuuachia. Mama Cecilia akatema vumbi, akarudi kwenye turubai, akasema, "Sisi wengine mume nyumbani tunaye wa hivyohivyo. Tupige tumalize." Wakasimama kuzunguka rundo. Lakini fimbo bila wimbo, jamani! Mmoja alipiga mapema, mwingine alichelewa, binti mmoja akampiga mwenzake kidoleni. Kuku, ambao walikuwa wameshakunywa sehemu yao kwenye mfereji, walianza kutembea upande upande, na tetea mmoja akajaribu kuruka juu ya kinu akaanguka chali. Mama Stumai akacheka, "Hawa Jumapili nao waje chekechea!" Wote wakacheka, Damari naye akacheka na machozi yake, lakini rundo lilikuwa palepale.

Na hapo, kutoka upande wa pili wa turubai, sauti ikapanda.

"Kanga, umekula la nani?"

Miguu ya Damari ilishaanza kukimbia kabla yeye hajafikiri, kama ilivyozoea, kumfikia mama, kumshika, kumficha. Ilimfikisha nusu ya turubai. Mama alikuwa amesimama wima. Fimbo yake ilikuwa juu. Macho yake yalikuwa maangavu, na sauti ile, iliyofungiwa tangu mvua za kwanza, ilikuwa inatoka nzima, haikuteleza wala kutafuta ukuta wa kushika.

Wanawake wakaitikia, maana wimbo waliujua tangu utotoni: "Nimekula la aliyelala!"

Pa! Fimbo zote, pamoja.

"Kanga, umekula mpaka lini?"

"Nimekula akiwa amelala!"

Pa! Mbegu zikaruka kama mvua. Kutoka chini njiani, mbali kidogo, sauti nene ya mzee ikadakia kiitikio, imekasirika, haiwezi kujizuia. Na baada ya kitambo Mzee Bonaventura akatokea nyuma ya nyumba, Calist na wenzake nyuma yake.

"Nimesahau kitu," akasema, ingawa fimbo ilikuwa begani mwake. Hakuna aliyemuuliza ni kitu gani. Akasimama mahali pake.

Damari alikuwa bado amesimama katikati ya turubai, mbegu zimemfika vifundoni. Mama akamtazama, akamwimbia yeye, moja kwa moja, ubeti ambao Damari hakuwahi kuusikia maishani mwake.

"Kanga, leo mbona unakimbia?"

Uwanja mzima ukapaza sauti: "Leo mwenyewe ameamka!"

Kumbe ndivyo ulivyoisha. Damari akaokota fimbo yake, akaenda kusimama karibu na mama, akaitikia.